Mwoga Wetu Anastaafu: Ellery Banner wa Pantoni ya Gracey

Bodi ya Wadhamini ya Mfuko wa Hifadhi ya Mto Gracey, ikiwa imeketi kihalali na kujiridhisha pasipo shaka yoyote, inawatangazia wanachama, majirani na wapita njia kwamba kuanzia Ijumaa hii jozi moja ya mabuti ya mpira, meusi, saizi kumi na moja, haitakuwa na mwenyewe. Mabuti haya yamehudhuria takriban kila mkutano wa Bodi kwa miaka ishirini na sita. Hayajapata kulowa. Anayeyahitaji ayafuate chini ya kiti cha Katibu, kile cha karibu na mlango.

Mwenye mabuti ni Bwana Ellery Banner, Mdhamini na Katibu wetu, anayestaafu rasmi tarehe 28 Novemba baada ya utumishi wa miaka hiyo ishirini na sita bila mshahara, bila posho na, kama anavyopenda kutukumbusha mwenyewe, bila siku hata moja ya raha. Kazi iliyomlisha ni ile mnayoijua nyote: kuzungusha pantoni yetu, inayovutwa kwa waya uliotandwa kutoka ukingo hadi ukingo. Kila anayeishi ng'ambo ya Gracey amevushwa na mikono yake, mkono wa chuma ukizunguka, waya ukilia, na macho yake yakiwa kwenye maji, si kwa abiria anayemsalimia. Wageni humdhania kiburi. Hana kiburi. Anaogopa.

Tuseme wazi, maana yeye hajawahi kulificha: hapa kijijini Gracey Landing hajazaliwa mtu mwoga kumzidi Ellery Banner, na ni kwa sababu hiyo hiyo aliingizwa kwenye Bodi.

Marehemu Anti Ismay Flowers, muuguzi aliyeanzisha Mfuko huu na kuuongoza mpaka siku tulipomzika, alikuwa ameshapata wadhamini sita, yeye mwenyewe akihesabiwa. Walikuwa watu wenye moyo, waliompenda kila kiumbe mwenye magamba. Akateremka kivukoni akiwa na mwavuli wake, akapanda pantoni, na walipofika katikati akasema, "Ellery, nakutaka kwenye Bodi yangu ya mamba."

"Anti, mimi mamba namwogopa hata wa kwenye kalenda."

"Ndiyo maana nimekuja. Mashujaa ninao sita. Mashujaa sita wasio na mwoga, siku moja watanizikia mtoto wa mtu."

"Mkutano unafanyika wapi?"

"Shuleni, darasa la juu."

"La kupanda ngazi?"

"La kupanda ngazi."

Ellery akakubali, kwa kuwa hajawahi kusikia mamba aliyepanda ngazi. Kuhusu Kura ya Miguu hakuambiwa lolote. Anti Ismay alikuwa muuguzi wa miaka mingi. Alijua kwamba sindano haitajwi kabla.

Kwa faida ya wanachama wapya, na ya yeyote anayesoma programu hii ya sherehe ya kumuaga huku akipiga mahesabu ya kujiunga nasi, Kura ya Miguu ni hivi. Mwaka wa kwanza wa Mfuko, wadhamini waliketi darasani, wakanywa kahawa, wakala mkate wa nazi, wakanyoosha mikono na kupitisha kwamba mamba aliyekuwa akijianika nyuma ya jiko la Anti Zelma Pitts asiguswe. Kikombe cha pili hakijamiminwa, Anti Zelma akaingia na karai la nguo chafu. Alilitua katikati ya meza, juu ya mkate.

"Mmempenda? Haya! Njooni mnifulie pale alipo. Mnapiga kura na viatu vikavu, miguu inayolowa ni yangu!"

Anti Ismay alilitazama karai, akasema Zelma ana haki, na katiba ikabadilishwa palepale. Tangu siku hiyo, likija lalamiko la mamba, Bodi huenda mahali penyewe. Katibu husimama ukingoni na kulisoma azimio lote, neno kwa neno. Mdhamini anayetaka mamba abaki huingia majini hadi magotini na kusimama humo mpaka neno la mwisho. Anayetaka mamba aondolewe hubaki nchi kavu. Anayetoka kabla ya mwisho amefuta kura yake. Wakiwa wanne majini, mamba anabaki, na hao wanne ndio watakaobeba zamu ya ulinzi mahali hapo. Wakipungua wanne, tunawapigia simu maofisa wa serikali, nao huja na bunduki. Kwa safari za namna hiyo hawajawahi kuchelewa.

Na hapa ndipo furaha ya sherehe hii inapokuwa na mchanga kidogo. Tangu maji ya Oktoba yalipopanda, kuna mamba kivukoni. Ni mkubwa. Wapo wanaosema ni lile jike la zamani, ambalo habari zake zinakuja hapa chini, wapo wanaosema ni binti yake. Hakuna aliyejitolea kumsogelea amtazame usoni. Wazazi wa ng'ambo wameleta lalamiko, na wana kila sababu, kwa kuwa watoto wao wanavuka mahali hapo asubuhi na mchana. Ellery anaondoka Ijumaa. Kura ni Jumapili. Wadhamini tutakaobaki ni watatu, na watatu, hata wakiingia majini mpaka shingoni, ni watatu. Kwa hiyo wasifu huu unamuaga mtu na papo hapo unatafuta mtu. Msomaji asijisikie kusukumwa.

Turudi kwa mstaafu.

Cheo cha Katibu alikiomba mwenyewe pale aliposoma katiba na kugundua kwamba Katibu husomea ukingoni. Katika miaka yake ya mwanzo alijijengea sifa ya kuwa msomaji mwenye kasi kuliko wote wilayani. Azimio letu liliandikwa na mwanasheria wa Belize City aliyetuhurumia, lina vifungu vitano, na kifungu cha pili peke yake kinaeleza maana ya neno "mamba" kwa urefu unaomtosha mamba mwenyewe kuzeeka. (Wazee wetu walimwita aligeta. Wataalamu walikuja kutusahihisha. Mwenyewe hakubadilika.) Ellery alilisoma lote kwa muda ambao mtu mwingine angetumia kupiga chafya mbili. Wadhamini wa majini walimpenda kwa hilo. Hakuna aliyewahi kuelewa neno hata moja.

Yeye kila mara alibaki nchi kavu. Kila mara, kwa maana hiyo, kura yake ilikuwa mamba aondolewe. Mfuko wa kuhifadhi mamba ukawa na Katibu ambaye, kama angekuwa anasikilizwa, pasingebaki hata mmoja wa kuhifadhiwa. Wageni waliotutembelea kutoka mashirika makubwa walishindwa kutuelewa. Anti Ismay aliwaelewesha kwa ufupi: kila kura ilipokwisha alimgeukia Ellery na kumwuliza, "Haya, unaogopa nini hapa?" Naye alikuwa na majibu tayari. Nani anachota maji hapa? Mtoto mdogo kuliko wote wa nyumba hii ana kimo gani? Kwa nini ndoo ya maji ya kuoshea samaki inamwagwa upande huu? Hofu yake ilikwenda kuchungulia mahali ambapo ujasiri wa wenzake haukuona haja ya kufika.

Ndipo ukaja mwaka wa jike la kivukoni.

Delroy Pitts, mwana wa Anti Zelma wa karai, mwenye duka pale juu ya gati, alikuwa na mbwa aliyeitwa Sajini. Mbwa mkubwa, wa kahawia, mpole. Alipenda kunywa maji mwisho wa gati wakati watoto wanasubiri pantoni. Asubuhi moja alikuwa anakunywa, kisha hayupo. Watoto waliokuwa kwenye foleni na mabegi yao walisimulia jambo lile lile, kila mmoja kwa wakati wake: hapakuwa na kelele. Mbwa hakulia. Maji yalijifunga. Ellery alikuwa katikati ya mto akirudi kuwachukua. Aliona yote, na ilimbidi azungushe mpaka palepale, kwa sababu waya hauna njia nyingine, na watoto walikuwa wanamngoja yeye.

Leonie, mkewe, anasema wiki ile mumewe alikula wali na maharage akiwa wima, kwa kuwa miguu yake ilikataa kutulia chini ya meza yoyote.

Delroy alipeleka lalamiko siku hiyo hiyo, na nyuma yake walikuwa karibu wazazi wote. Haikuwa hasira tu. Jike lilikuwa limejenga kiota kwenye majani, hatua chache juu ya gati, na mamba mwenye mayai hasogei. Binti yake Delroy, Keisha, alikuwa anavuka kila siku. Kila mtu kijijini alijua kura ile inauliza nini, ingawa azimio halikusema: mkikosea, atakuwa mtoto wa nani?

Kura ikapigwa Jumapili, watu wakitoka kanisani. Wadhamini wawili hawakuwepo, mmoja ana homa, mwingine yuko kwa dada yake, mjini Dangriga. Waliobaki walikuwa watano. Anti Ismay alivua viatu, akavipanga vizuri kana kwamba anaingia kulala, akaingia majini na fimbo yake. Donya Chepita Cocom, bibi yetu wa Kihispania anayetupikia tamale, ule unga wa mahindi na kuku uliofungwa kwenye majani ya ndizi, siku za mikutano, alijifunga sketi akamfuata. Mchungaji Winfield Tillett akaingia wa tatu, midomo ikichezacheza kwa sala. Mwalimu Gladden alibaki nchi kavu, na alisema sababu bila kuulizwa: "Hao ni wanafunzi wangu. Mimi siwezi." Hakuna aliyemlaumu. Ellery alisimama ukingoni na karatasi zake, amevaa viatu vya ibada, mabuti ameyaacha nyumbani kwa kuwa ni Jumapili. Sisi wengine tulikuwa juu kabisa, penye heshima na usalama.

Watatu. Ilikuwa wazi kwamba mamba amekwisha, na wengi wetu, tukisema kweli, tulipumua. Lakini katiba inataka azimio lisomwe lote, hivyo Ellery akaanza kusoma. Alifika katikati ya kifungu cha tatu, macho mawili yakatokea kwenye maji, upande wa pili wa pantoni.

Hayakufanya lolote. Yalikuwepo tu, kama vifundo viwili vya kamba. Watoto waliokuwa wanakimbizana nyuma yetu wakasimama, na usomaji wa Ellery ukakatika.

Anti Ismay hakugeuka. "Ellery, mwanangu. Umefika wapi?"

"Cha tatu, Anti."

"Viko vingapi?"

"Vitano."

"Basi endelea."

"Anti, yupo."

"Najua yupo. Tumekuja kwake. Endelea."

Delroy akapaza sauti kutoka juu, "Mchungaji! Omba haraka, mwenzako anasubiri chakula kibarikiwe!"

"Delroy," akajibu Mchungaji bila kufumbua macho, "sasa hivi naongea na mkubwa wako, ngoja zamu yako."

Watu wakacheka, kicheko kile cha kupitia puani. Kisha macho mawili yakazama, na kicheko kikakatika katikati.

Waliokuwepo watakubaliana nasi kwamba hicho ndicho kipande kibaya kuliko vyote. Kumwona mamba ni kitu. Kutomwona, na unajua alikuwa wapi dakika iliyopita, ni kitu kingine. Maji yalikuwa ya kahawia, tulivu, hayana hata duara moja. Donya Chepita alikuwa anahesabu kwa Kihispania, hatujui anahesabu nini. Ellery alirudi kusoma, lakini ile kasi yake iliyomjengea jina ilikuwa imekufa. Alisoma neno moja moja, na kwa mara ya kwanza sote tulielewa azimio lile linasema nini.

Katikati ya kifungu cha nne Anti Ismay akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa ya mtu anayeomba chumvi, "Ellery, mguu wangu umenata."

Fimbo ilikuwa imezama topeni, na yeye ameanza kuegemea upande. Mchungaji na Donya Chepita walikuwa wameganda. Mwalimu Gladden alipiga hatua moja, akasimama. Ellery aliingia.

Aliingia na viatu vya ibada, na suruali ya ibada, na karatasi juu ya kichwa, huku akisoma. Wapo wanaosema alikuwa analia. Alikuwa anasoma kwa sauti ya juu ambayo hatujawahi kuisikia kwake, akimkemea mamba kwa lugha ya mwanasheria, kifungu cha nne, kifungu cha tano. Akamshika Anti Ismay kiunoni, akavuta, mguu ukang'oka topeni kwa sauti kama ya chupa ikifunguliwa, na hapo hapo, maji yakimfika magotini, akatamka neno la mwisho.

Mwalimu Gladden alikuwa mtu wa utaratibu. Alihesabu kwa kidole. "Wanne," akasema.

"Wanne wapi!" Delroy akaruka. "Huyo kaingia kumwokoa bibi!"

"Sheria haiulizi kwa nini, Delroy. Sheria inauliza magoti."

"Ellery mwenyewe aseme! Ellery, ulipiga kura?"

Ellery alikuwa ameshafika nchi kavu na kutupita, na wakati huo alikuwa karibu na kanisa, bado amembeba Anti Ismay, ambaye alikuwa anamwomba amshushe.

Hivyo ndivyo jike la kivukoni lilivyobaki, kwa kura ya mtu aliyekuwa analiogopa kuliko sote. Kila mwaka tangu hapo, kwenye mkutano wa Januari, ajenda ya mwisho imekuwa Pingamizi la Katibu: kwamba aliingia kutoa mtu, hakuingia kupiga kura. Yeye mwenyewe huliwasilisha, yeye mwenyewe huandika kwamba limekataliwa kwa kauli moja, kisha tunakula tamale.

Lakini wanachama mkumbuke asubuhi iliyofuata. Wanne wa majini ndio wenye zamu ya ulinzi, na mmoja wa wanne alikuwa mzungusha pantoni. Sasa watoto aliowavusha walikuwa wake kwa sababu mbili. Ndipo alipotunga zile amri ambazo kila mtoto wa ng'ambo anazijua kuliko nyimbo za shule: hakuna kukaa ukingoni mwa pantoni, hakuna kuning'iniza mguu, hakuna kuosha kikombe, hakuna kusubiri kwenye gati, foleni iko juu kwenye mchanga mpaka yeye apige kengele. Walimcheka. "Anko Ellery, hata kivuli changu kisiguse maji?" "Hata kivuli," alijibu, na hakuwa anatania.

Na alikuwa anajiuliza lile swali lake la siku zote. Kwa nini pale? Mto ni mrefu. Kwa nini jike lichague mahali penye kengele na makelele? Jibu lilikuwa linamwagwa kila Ijumaa kwa ndoo. Delroy alikuwa anachinja kuku nyuma ya duka, na utumbo wote ulikwenda mtoni, kando ya gati.

Alimwambia kwa upole mara kadhaa. Delroy alimjibu kama mnavyomjua Delroy. "Mbwa wangu kaliwa, mamba wenu kaachwa, na sasa kesi ni utumbo wangu?" Kwa hiyo siku moja Delroy alipopanda pantoni na pikipiki yake, peke yake, Ellery alizungusha mpaka katikati ya mto, akaachia mkono wa chuma, akakaa juu ya kreti.

"Kimeharibika?" akauliza Delroy.

"Hakijaharibika."

"Sasa?"

"Zika utumbo, Delroy."

"Zungusha bwana, una wazimu?"

"Nina woga. Zika utumbo."

"Nitazika! Zungusha kwanza!"

"Ahidi kwanza. Kwa jina la Keisha."

Waliokuwa gatini wanasema pantoni ilikaa pale inacheza kidogo kidogo, na upande wa chini wa mkondo kulikuwa na kitu kirefu kama gogo ambacho hakikuwa kinafuata maji. Mwishowe watu wazima wawili walikuwa wamepanda na kusimama juu ya pikipiki moja, mbali na maji. Delroy anasema mpaka leo kwamba alichokuwa anakitazama ni uso wa Ellery, si gogo lile. Uso ulikuwa wa kijivu, jasho linadondoka kwenye kidevu, na bado mtu hagusi mkono wa pantoni. "Nikajua," husema Delroy, "huyu atakufa kwa woga hapa hapa, lakini hatazungusha." Akaahidi. Ijumaa ile ile utumbo ulizikwa nyuma ya duka, na majuma machache baadaye, mayai yalipoanguliwa, jike likawabeba wanawe mdomoni mmoja mmoja, likateremka nao mpaka kwenye vinamasi, na gati likawa gati.

Mwaka uliofuata Delroy aliomba kujiunga na Bodi. Ni mmoja wa watatu tuliobaki.

Tangu Ellery ashike kalamu ya Bodi na mkono wa pantoni, hakuna mtoto wa Gracey aliyeguswa na mamba. Aliyeumia kivukoni kwa miaka hiyo yote ni mmoja, na ni Ellery mwenyewe, aliyebana kidole kwenye gia kwa kuangalia maji. Mashirika makubwa yameandika habari za mto wetu na kusifu ushirikishwaji wa jamii. Hawakuandika neno woga mahali popote. Sisi tunaliandika hapa.

Mwaka jana, tulipokuwa tunavuka kutoka kumzika Mchungaji, mmoja wetu alimwuliza kama bado anaogopa mamba kama zamani. Alizungusha kidogo kabla ya kujibu. Alisema mamba si kitu. Alisema, "Wakimuua bila sababu, nitaumia, lakini nitalala. Nikimwacha halafu siku moja kengele imegongwa mapema, mtoto mmoja kateleza, mimi sitalala tena mpaka naingia kaburini. Na kila asubuhi nikigonga kengele, hilo ndilo ninalolisikia." Kisha akatuambia tutoe mikono kwenye reli.

Ndivyo alivyofanya kazi miaka ishirini na sita, na ndivyo alivyotufundisha kwamba huruma kwa mnyama haina maana kama hujasimama mahali pa yule atakayelipa kosa lako. Baada ya ile Jumapili ya viatu vya ibada hakuingia tena majini. Hakuna aliyethubutu kumwambia aingie.

Daktari amesema magoti yamekwisha. Ellery na Leonie wanahamia mjini Belmopan kwa binti yao Marlene, ghorofa ya pili, mahali ambapo maji yanatoka kwenye bomba na hayatoi kitu kingine. Tayari ameuliza kama kuna mfereji karibu. Ameambiwa upo, mdogo. Ameomba apelekwe kuuona kabla mizigo haijashushwa.

Bwana Ellery, Mungu akulipe kwa kila asubuhi uliyotuogopea sisi wenye usingizi. Tunakuombea sakafu kavu, meza unayoweza kuketi miguu ikatulia chini yake, na wajukuu wanaoogea bafuni. Donya Chepita amekufungia tamale za safari. Usizile ukiwa wima. Delroy anakushika mkono na anasema, kwa kumbukumbu za kikao, kwamba ulipiga kura.

Kura ya mamba wa kivukoni ni Jumapili hii, baada ya ibada, mahali penyewe. Nafasi ya mdhamini wa nne imetangazwa kanisani, shuleni na dukani tangu Septemba. Mpaka programu hii inaingia mtamboni, hakuna aliyejitokeza, na maofisa wa bunduki wameomba namba ya simu ya mtu wa kuwaonyesha njia.